Mkono wa Hoza

Miaka kumi na minne nimeshika mabega ya watu
katika chumba kile chenye kioo kimoja na reli mbili za bomba,
nikiwaambia nyanyua, shusha, tena, tena,
na stashahada yangu ukutani
imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kisha akaletwa kijana aliyehitimu juzi awe mkuu wangu.
Hakuwa na kosa. Alikuwa na shahada.
Aliniita mama,
akaniuliza funguo za kabati ziko wapi.

Usiku ule nilijisajili.

Chuo changu hakina geti,
hakina mlinzi wa kumwamkia.
Kinakaa kwenye simu yenye ufa pembeni,
kinafunguka saa tatu usiku, umeme wa Makorora ukipenda,
kinafungwa bando likikata,
mhadhiri mdomo wazi, kidole juu,
katikati ya neno ambalo mpaka leo silijui.

Swali la kwanza: Bega ni nini?
Nikacheka, hata mume wangu
akadhani nimetumiwa vichekesho.
Mimi ndiye wa kuulizwa bega?
Nikajibu kwa mbwembwe, kurasa mbili.
Nikapata arobaini na moja kwa mia.
Mikono ilijua, kalamu haikujua.
Maarifa yalikuwa yamekaa vidoleni kama harufu ya mafuta ya kuchulia,
hayajawahi kupanda hadi mdomoni.

Takwimu ndizo zilizoniliza.
Binti yangu Mwanamkuu, wa kidato cha nne,
akamwaga machungwa ya Muheza sakafuni:
"Hili kubwa, hili dogo, haya yote ya katikati.
Sasa pima kila moja limekimbia wapi."
Nikaelewa mkengeuko,
tukaula.

Mwaka huo aliletwa Hoza,
zamani fundi wa korona,
ile ya kuchuna mkonge, si ile ya barakoa.
Kiharusi kilimpitia kushoto.
Mkono ulilala pajani
kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.
"Huu si wangu," aliniambia. "Namtunzia mtu."

Kazi ya mwisho ya chuo ilitaka mgonjwa mmoja,
wiki kumi na mbili, vipimo, picha za pembe za kiwiko.
Nikamsomea Hoza fomu ya ridhaa, neno kwa neno.
"Jina langu litaandikwa?"
Hapana, utaitwa Mgonjwa A.
Akanuna.
"Miaka thelathini shambani niliitwa kwa namba.
Wewe niandike Hoza."

Niliandika A. Kanuni ni kanuni.
Lakini shairi hili halisahihishwi na mtu:
Hoza. Hoza mwana wa Kilango, wa Pongwe,
aliyehesabu kwa sauti kila nyuzi ya kiwiko
kama mtu anayedai deni,
ishirini, ishirini na moja,
siku nyingine kumi na tisa, akatukana,
wiki ya saba hakuja kabisa,
nami nikaandika "hakuja" kwenye jedwali,
nikakaa nikiitazama ile nafasi.

Shahada iliingia kwenye simu Jumanne, nikiwa nafua.
Hapakuwa na joho wala vigelegele,
mapovu tu mpaka kwenye viwiko.
Nikaenda steshenari ya Barabara ya Nane,
ikatoka kwenye mashine ya moto kama chapati.
Mshahara mpya, wameniambia, unashughulikiwa.

Alhamisi Hoza akaja, shati la mikono mirefu,
vifungo amefunga mwenyewe, kimoja tundu si lake.
"Lete niishike."
Nikampa upande wa kulia.
Akaukataa.
Akanyoosha ule wa mgeni.
Vidole vikachelewa, vikafika,
vikabana kwa nguvu mno, hawakuamini vimefika,
na karatasi ikapata kunjo
pale chini, penye mhuri.

Akashtuka. Nami nilishtuka.
Kijana mkuu wangu akasema, mama, si uchape nyingine tu.

Nikaitia fremu hivyohivyo,
kunjo likitazama mlango.