Kinu Kiitwacho Hana

Ghorofa ya nne, mtaa wa Prospect, Bronx.
Lifti imekufa tangu Novemba.
Napanda na kilo mbili za mchele,
maana kwetu mgeni haji mikono mitupu,
na kabla ya mwenyeji harufu inanipokea ngazini:
tui.
Si la kopo. Nimekulia Pangani,
pua hii haidanganywi na kopo.

Nicasia Güity, mwenzangu wa zamu ya usiku,
tunakunja mashuka ya hospitali,
yeye pembe zile, mimi pembe hizi,
miaka miwili tukikutana vidole katikati ya shuka.
Juzi akasema: Krismasi hii huli mkate peke yako.
Nikamkumbusha kwamba sikukuu yangu ni Idi.
Samaki hana dini, akasema.

Jikoni kuna kinu cha gogo moja.
Kilitoka Honduras ndani ya blanketi
kama mtoto asiye na pasi.
Wamekikalisha juu ya mfarishi uliokunjwa mara nne
kwa ajili ya bwana wa ghorofa ya tatu
agongaye bomba kwa kijiko
kila ndizi zikianza kutwangwa.
Mnakiitaje? nauliza.
Hana, anasema Nicasia.
Nikacheka hadi nikaketi juu ya gunia la nazi.
Kwetu hana ni neno la mlangoni,
la kumrudisha mdai;
ni neno alilofungiwa shangazi yangu shingoni:
hana mume, hana mtoto, hana kwao.
Nicasia akanipa mchi. Basi twanga.

Ha-na, ha-na,
ndizi mbichi na mbivu zikashikana, zikang'aa,
bomba chini likaitikia, ngo, ngo,
jasho, mikono, ha-na,
hata pumzi ikaniishia, herufi ya kwanza ikadondoka:
ana.
Ana. Ana.

Kula hakuna aliyenifundisha.
Nilimega donge, nikatowea kwenye mchuzi wa kolekole,
mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake, wote wakanitazama,
nikamega tena.

Kisha wachezaji, sebule nzima ikabanwa ukutani.
Nyuso za wavu, za waridi, masharubu ya kuchorwa,
mabwana wa zamani wanaochekwa mpaka leo.
Simbi magotini, tele, zikichacharika.
Mpigaji ni Wilmer, dereva wa basi;
haangalii ngozi, anaangalia magoti.
Kwetu ngoma ikilia mguu hutii.
Hapa mguu hunena, na ngoma
humkimbilia nyuma kama karani.

Halafu kimya. Wanawake wakapanga mstari,
kidole cha mwisho kwa kidole cha mwisho,
wakaimba bila ngoma, wakiyumba.
Waliniingiza kati. Sikuelewa neno
ila moja, Nicasia alipolivuta na macho yake
yakaenda kwenye picha iliyobandikwa jokofuni:
nuguchu.
Sikuuliza. Pangani kulikuwa kumekucha,
wangu alikuwa anafagia uwanja.

Usiku nikafungiwa mkate wa muhogo,
mkavu, mpana kama ungo,
na bakuli la pili lenye mfuniko.
Hili la bomba, akasema Nicasia.

Ghorofa ya tatu nikabisha.
Mzee mwembamba, soksi mguu mmoja,
kijiko mkononi.
Mwaka huu mmechelewa, akasema.