Ubeti wa Tatu

Mimi ndiye Leokadia.
Ndiyo, yule wa kwenye wimbo.
Msinikague mikono; mwavuli sina.

Wimbo ulitoka nikiwa na miaka kumi na tisa,
nagonga mihuri Posta ya Magomeni,
na redio ya mkuu wa kituo, ya betri nne,
ikinifedhehesha mara tatu kwa siku:
alfajiri, salamu za wagonjwa, na kabla ya habari.

    Leokadia, nirudishie mwavuli,
    masika hayajaisha, nami naloa.

Basi. Hayo tu ndiyo Dar es Salaam nzima iliyoyajua.
Muuza mihogo Mtaa wa Kongo alininyima chenji:
"Anza wewe kurudisha vya watu."
Padri alibana kicheko akitangaza ndoa yangu.
Hata mume wangu, Mungu amrehemu,
karani wa bandari, mtu wa hesabu,
usiku wa saba wa fungate aliwasha taa:
"Lakini Leo, huo mwavuli
uliupata wapi?"

Nikamchukia mtu nisiyemjua sura.
Athumani Likwata, bendi ya kiwanda cha vifungo.
Nilingoja wimbo wake wa pili unisitiri.
Ukaja: Makubadhi ya Zubeda.
Zubeda gani? Hakuna aliyemtania.
Wiki mbili, kimya.
Kisha kiwanda kikafungwa, vyombo vikapigwa mnada,
ngoma kubwa ikaokoka, ikaingia kwaya ya Kigogo,
na Likwata akayeyuka kama hakuwahi kuwa na koo.
Wimbo haukuyeyuka.
Ulibaki mtaani kama mtoto aliyefiwa na baba,
ukimwita mama kila mwanamke aliyeitwa Leokadia.
Na niliyeitwa hivyo, Magomeni yote, nilikuwa mimi.

Jumanne moja, mwaka wangu wa mwisho kazini,
mzee wa koti la kaki alipenyeza fomu chini ya kioo.
Mafao ya kiwanda. Likwata, A.
Yeye akasoma kibati kifuani pangu.
Tukanyamaza.
Foleni ikakohoa.

"Nililisikia dirisha la dawa, Mwananyamala," akasema.
"Mhudumu aliliita mara tatu, hakuitika mtu.
Nikaona ni jina lenye gitaa ndani yake.
Mwavuli niliutia kwa kuwa siku hiyo nililoa."

Mara tatu.
Nilikuwa nje, nimeshika ukuta,
natapika kwinini.

"Walikulipa?"
"Shati. Na soda kreti mbili, watu kumi na mmoja."
Akacheka, akaacha.
"Lakini ubeti wa tatu ulikusafisha, dada."
"Ubeti upi?"
"Upo. Dakika ya sita.
Kila siku walitukata hapo, wasome habari."

Akasogeza mdomo kwenye kitundu cha kioo
akauimba kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:
kwamba Leokadia alikuja mwenyewe, jioni,
Jangwani maji yamefika magotini,
mwavuli kaushika juu ya kichwa cha mwenzake,
bega lake lote liko mvuani.
Na kwamba tangu hapo hadaiwi kitu.

Miaka arobaini na moja!
Miaka arobaini na moja naitwa mwizi
kwa sababu ya bei ya pamba na ziara za mawaziri.

Nikagonga muhuri. Ukaenda nje ya mstari.
Hakuurudisha nyuma, wala sikuomba radhi.
Aliikunja fomu mara nne, kama barua,
akatoka. Sijamwona tena.

Leo asubuhi, gengeni Mwembechai,
kijana wa bodaboda, mtoto wa juzi,
simu yake ikalia mfukoni:
Leokadia, nirudishie...
Muuza genge akanitazama, akaangua kicheko.
Nami nikasimama pale, nyanya mkononi,
nikihesabu dakika.

Kijana akapokea.