Zitazoeana

Ilianza kugoma kwenye kilima cha Mayamaya:
injini inanguruma, gari halisogei,
kama mtu anayegombana peke yake chumbani.
Nyuma yetu lori la alizeti likapiga honi.
Nyemo, miaka tisa, akasema bila kuniangalia:
"Baba alikuwa anagonga dashibodi mara mbili."

Nikagonga. Mara mbili. Haikunijua.

Noah ile niliikuta. Niliikuta kama nilivyokuta
kabati, deni la saruji, mizabibu sita uani,
na picha ya mwanamume mwenye shati la mikono mifupi
anacheka na mtu ambaye kamera haikumpata.
Hakuna aliyesema picha itolewe. Nami sikusema.

Kizota, kwa fundi Chilongani,
dipstiki ilitoka nyeusi. Akanipa ninuse.
"Unasikia? Imeungua. Hii imebeba siku nyingi bila kusema."
Kutengeneza, hapana. Kubadilisha.
Giaboksi ya mtumba, laki tisa;
tukasukumana hadi laki saba na nusu,
pesa ya vikoba ya Sechelela na mshahara wangu wa Juni.
Waranti? Akacheka mpaka spana ikamdondoka.
"Mpaka getini, mwalimu.
Ukishatoka getini, ni wewe na Mungu wako."

Ikaja na basi la usiku kutoka Gerezani
ndani ya kiroba cha mchele, imefungwa kamba ya katani,
ubavuni imeandikwa kwa rangi ya njano, maandishi ya kwao,
ambayo hata Chilongani, ajuaye yote, hakuyajua.
Nilikaa nayo pale kwenye turubai,
upepo wa Julai ukitupaka vumbi sote wawili.
Ilitoka kwenye gari gani? Lililogonga nini?
Nani alikaa kiti cha mbele, Jumapili walikwenda wapi?
Haisemi. Imeoshwa kwa petroli
na imepewa kazi.

Siku tatu. Soketi moja ilikataa kuingia.
Chilongani akakata waya, akaunga, akaviringisha tepu nyeusi
huku akitukana kwa Kigogo, polepole, kama anayebembeleza mbuzi.
Ile ya zamani ikabaki pembeni ikivuja.
"Niiuze chuma chakavu?"
Sechelela akatazama barabarani.
"Tutaichukua," nikasema.
Iko stoo sasa, juu ya tofali mbili. Sijui ya nini.

Jumamosi tukaenda Haneti, kwa babu na bibi yake Nyemo,
ambao si wazazi wangu wala wa Sechelela.
Kutoka ya pili kwenda ya tatu, inashtuka:
kishindo kidogo, vichwa vitatu vinaitikia pamoja.
Nikasimama, nikampigia Chilongani.
"Usiikimbize," akasema, huku akitafuna kitu.
"Injini haiijui, nayo haiijui injini. Zitazoeana.
Zikikataa, nipigie."
Sikumuuliza zikikataa atafanya nini.

Babu alizunguka gari, akapapasa boneti.
"Gari la Mwaluko bado zima," akasema.
"Naam, baba. Bado zima."
Akaushika mkono wangu muda mrefu kuliko salamu,
kisha akaagiza tupakiwe debe la karanga.

Kurudi, Mayamaya tena, jua likitupiga ubavu wa kulia.
Sechelela amelala, mdomo wazi kidogo.
Nyemo akajipenyeza katikati ya viti, akanyoosha mkono.
Nikadhani anakwenda kugonga dashibodi.
Akafungua kiganja: karanga, zimemenywa,
sita au saba, zina joto la mkono wake.
Nikazichukua zote kwa pamoja.

Nilipomaliza kutafuna tulikuwa tumevuka kilima.
Nikatazama sindano: themanini.
Ya tatu ilikuwa imeshaingia,
na ya nne,
mahali fulani huko nyuma,
sikuisikia.