Uzito wa Vyungu Tisa

Mizani yangu imelala ardhini, bamba la chuma
kwenye lango la kiwanda, barabara ya kwenda Likasi.
Lori linapanda, linatulia,
tarakimu nyekundu zinatetemeka kama mtu aliyeulizwa deni.
Mimi ni Mwadi, binti wa Kabange mchoma-shaba.
Mwaka wa saba huu, katika kibanda cha mabati,
naandika uzito wa nchi kwa kalamu ya buluu.

Juni, Lubumbashi, baridi inang'ata vidole.
Fundi Geng wa tanuru huja na chupa yake ya chai,
na Kiswahili alichokiokota sokoni Kenya, pamoja na matusi yake.
Jana alichora kwa kidole kwenye vumbi la meza:
chungu chenye miguu mitatu.
Nikacheka. Chungu kinachotembea na mafiga yake!
Naye akacheka, akachora kingine,
na kingine, hadi vikafika tisa na meza ikaisha.

Yu, alisema, ndiye aliyeishinda gharika.
Miaka kumi na mitatu akichimba mifereji,
mara tatu akapita mlangoni pake asiingie,
na mtoto analia ndani.
(Baba yangu naye alikuwa na zamu mbili mfululizo,
lakini yeye aliingia, akala bukari baridi, akalala na buti.)
Majimbo tisa yakamletea Yu shaba,
vikasubiwa vyungu tisa,
na aliyekuwa navyo, dunia ilikuwa yake.

Ukoo wa Xia ukavirithi, ukavimba.
Vikahamia kwa Shang,
ambao mfalme wao wa mwisho alichimba bwawa akalijaza pombe,
na mkewe, watu husema, alikuwa mbweha aliyevaa ngozi ya mtu.
Vikahamia kwa Zhou.
"Nani alivibeba?" nikauliza.
Geng akaonyesha juu, kwenye bati linalovuja.

Ndipo siku moja mfalme wa Chu
akafika mpakani na jeshi lake, akauliza kwa upole,
kama mnunuzi anayebonyeza nyanya asiyotaka kununua:
"Vyungu vile, vina uzito gani?"
Mjumbe wa Zhou akamjibu:
"Mtawala akiwa mwema, hata kiwe kidogo, hakinyanyuliki.
Akioza, hata kiwe kikubwa, upepo utakichukua."

Miaka saba napima. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mwishowe kimoja kilizama mtoni Si.
Mfalme wa Kwanza, aliyetaka ukoo wake utawale vizazi elfu kumi,
akateremsha wapiga mbizi elfu moja.
Wengine husema kamba ilikishika kabisa, chungu kikaanza kupanda,
joka likatoa kichwa majini, likaikata kwa meno.
Yeye mwenyewe alifia safarini, wakati wa joto,
na mawaziri wakaficha kifo chake
kwa gari la samaki wa chumvi nyuma ya maiti.
Makayabo! nikasema, nikashika pua.
Kumbe hata ufalme hufunikwa kwa harufu ya soko la Kamalondo.
Baada yake ukoo ulidumu miaka mitatu tu.

Usiku huu lori la nne limepanda.
Tarakimu zimetetemeka, zimesimama:
arobaini na moja, nukta sita.
Simu ikalia. Sauti ya mkubwa, laini, ya mtu aliyeshiba:
"Mama Mwadi, andika ishirini na nane."

Geng alikuwa mlangoni. Ameelewa, au hajaelewa;
alitazama chai yake kama kuna kitu kimezama humo.
Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wa wala-shaba,
waliyeyusha mlimani kiangazi kama hiki,
wakasubu misalaba, na msalaba ulikuwa na bei
ambayo kila mtu aliijua bila kuandikiwa.

Mezani vumbi limerudi, lakini miguu ya vyungu bado inaonekana,
mitatu, mitatu, mitatu.
Dereva anapiga honi.
Nimeinua kalamu ya buluu.
Jana ilikuwa nyepesi.