Pengo

Kuopio, Februari, saa tisa usiku.
Ziwa limeganda mpaka ng'ambo.

Kitanda cha nne, Oiva Räsänen,
mshipa wake mkuu umeshonwa jana kwa uzi wa samawati.
Shinikizo la damu: zuri.
Mapigo: mazuri.
Skrini nzima ya kijani, kama daftari la mwanafunzi
aliyenakili majibu.

Lakini tumbo halina pa kupigia kelele.
Damu ikipungua, moyo hujipakulia, ubongo hujipakulia,
figo huomba kidogo,
tumbo huambiwa: wewe ngoja,
nalo hungoja, mtoto wa kambo mezani.
Kimya kingi. Mnajua kina nini.

Ndiyo maana kuna mrija puani mwake,
na kwenye ncha, huko chini, kipira laini
mfano wa kibofu cha samaki.
Nakijaza maji ya chumvi, mililita mbili na nusu,
bila kiputo hata kimoja.
Kisha naketi. Nusu saa.
Nyama iliyokosa damu huchacha
kama kinyunya kilichosahauliwa jikoni,
na gesi yake hupenya ukuta wa kipira,
ikajificha majini.

Daktari Pentikäinen anapita na kahawa.
"Bado unakiamini kipira hicho, Aulikki?
Vitabu vipya vimekiacha."
Simjibu. Mililita ya kwanza namwaga,
iliyobaki naipeleka mashineni
pamoja na damu ya mkononi.

Damu: tano nukta tatu.
Tumbo: tisa nukta moja.
Saa sita zilikuwa zimekaribiana kama mapacha.

Jioni binti yake alinisimulia
jinsi baba anavyopima barafu kabla ya kuvua:
hutoboa tundu, huzamisha kijiti chenye alama,
weupe wa juu hauamini hata siku moja.
"Mkondo," husema, "hula kwa chini."

Nampa Pentikäinen karatasi.
Anaisoma. Anaweka kikombe chini, anaisoma tena.
Anaongeza maji ya dripu,
anapunguza ile dawa ibanayo mishipa,
anamwamsha mpasuaji kwa simu
na kuomba radhi mara tatu.

Saa kumi na moja nakijaza tena kipira.
Skrini ingali kijani.
Dirishani, mbali, taa ya kichwani mwa mtu
inatembea juu ya ziwa,
inasimama,
inainama.