Futikamba

Jumamosi saa mbili, vijidawati vimesukumwa ukutani,
chumba cha chekechea cha Limbani kinanuka chaki na mikojo ya jana.
Tumetandika mikeka, saba sisi, matumbo mbele,
na Nesi Salhina kavua viatu, mtandio kaufunga kisogoni.
"Hii ni yoga," asema, "na kama neno linakukwaza
liache mlangoni pamoja na makubadhi."

Mimi fundi wa nguo. Futikamba naijua tangu skuli.
Nimepima mabega ya maharusi, viuno vya mawifi
wanaobana pumzi ili nambari ipungue.
Lakini Jumanne kliniki nesi alinilaza,
akaanzia kwenye mfupa, akapanda taratibu mpaka kilele cha tumbo,
"Thelathini na nne," akaandika kwenye kadi,
nami nikaona haya:
nguo naishona mimi, kipimo anakijua mwengine.

Tunapiga magoti, viganja chini.
Mgongo unainuka kama wa paka aliyekutana na mbwa njia ya Bopwe,
kisha unashuka.
"Vuta kwa pua. Moja, mbili, tatu, nne.
Toa kwa mdomo, polepole, kama unapoza uji wa mgonjwa."
Kidawa anacheka mpaka kidogo kinamtoka,
anasema wazi, hafichi,
na sote tunacheka, maana ni sote.

Kisha kuchutama. Visigino visiinuke, magoti yaachane.
Bi Time, mama mkwe wangu,
aliyenisindikiza asije mtu akanigeuza dini,
yuko kizingitini na tasbihi yake, anasonya.
"Haya ndiyo mnayolipia nauli?
Umri wote nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi.
Nimezaa tisa, hakuna aliyenihesabia."

Nesi hakumjibu. Alitandika mkeka wa nane.
"Njoo basi utuoneshe ulivyokaa."

Nilidhani ataondoka.
Akaiweka tasbihi dirishani, juu ya kopo la kalamu za rangi,
akakaza kanga, akashuka. Goti la kulia likaalika kama kuni.
Akakaa.
Mgongo wima, nyonga zimefunguka, mikono imetulia mapajani.
Hakuna katika sisi aliyekaa vile.

"Tisa," alisema, bila ya kuulizwa. "Walioishi sita."
Nje gari la mikate lilipiga honi, halikupata mteja.
"Yule wa nne nilikuwa peke yangu. Mvua, mto umejaa, mkunga hakuvuka.
Nilibana pumzi usiku kucha
nikidhani nikiiachia na roho itaifuata.
Hakuna aliyeniambia kuwa pumzi hutolewa."

Nesi Salhina alikaa chini, akashika kisigino chake,
akahesabu. Moja. Mbili.
Hatukufanya zoezi jengine siku ile.

Sasa wiki ya thelathini na nane.
Mkoba uko nyuma ya mlango: kanga nne za kuukuu zilizofuliwa,
pamba, glavu, soksi ndogo mno hata kidole changu hakiingii.
Nambari ya Faki mwenye bajaji nimeiandika ukutani
kwa chaki ya kukatia nguo.
Shemeji kapimwa damu, imelingana na yangu; anatembea mtaani kama waziri.

Usiku nakanyaga cherehani pole, kigauni cha njano,
cha yeyote atakayekuja.
Uzi ukiuvuta kwa hofu hukatika, ukiusahau hufanya mafundo.
Mtoto anasukuma mguu chini ya mbavu,
nainua mikono, nampa nafasi, anageuka.

Nyuma ya pazia Bi Time hajalala.
Nasikiliza: si nyiradi zake za kila siku.
Anavuta kwa pua, moja, mbili, tatu, nne,
anatoa, ndefu, inatetema mwishoni,
kama anayempozea mtu uji
miaka arubaini na moja baadaye.