Mguu wa Marehemu

Kakaire hakunilipa.
Sketi thelathini na moja, kijani cha ndizi mbichi,
pindo nilizishona kwa mkono, usiku, Mbale nzima haina umeme,
na siku ya kuzichukua akanigonga begani:
"Fundi, pesa iko ndani ya filamu. Ingia uifuate."

Nikaingia.
Nafasi iliyobaki ilikuwa ya maiti.
Maana waimbaji walipanga foleni
tangu ghala la kahawa mpaka kituo cha mafuta:
mwalimu wa hesabu alikuja na filimbi,
askari wa trafiki alicheza mpaka kofia ikamtoka,
Namataka muuza samaki aliimba sauti ya kwanza, ya pili, na ya tatu
peke yake, akikimbizana na pumzi.
Wote waliambiwa, tutakupigia simu.
Mimi sikuimba. Nililala chini.
"Huyu," akasema Kakaire, "amezaliwa kufa."

Wiki nzima nilijifunza kazi yangu.
Kufa si mchezo, waulize waliojaribu.
Pua inawasha. Mate yanajaa. Inzi naye ana mambo yake.
Khainza aliingia chumbani na taa, akanisimamia:
"Niwapikie waombolezaji, au utakula mwenyewe?"
Nilimeza kicheko, nikahesabu hadi sitini.
Akafunga mlango polepole.
Nadhani alijivunia, kidogo.

Siku yenyewe, ghalani: kamera moja,
jenereta ya kuazima,
na jeneza la kweli, ambalo mwenyewe alilitaka kabla ya saa kumi
kwa kuwa lina mteja.
Nikalazwa na soksi tupu.
Viatu vya marehemu, kwa mujibu wa hadithi,
vilikuwa vya mkopo, na mwenye navyo amefika msibani.

Basi wakaniomboleza kwa ngoma,
wajane wanne, kila mmoja akidai nyumba kwa ubeti wake,
na sketi zangu zikizunguka, naziona kwa upenyo wa kope:
pindo limetulia, mshono haujavuta.
Moyo ukanifurahi. Hapo ndipo nilipokosea.

Maana mguu wangu wa kulia una miaka ishirini na miwili
juu ya pedali ya cherehani.
Haukusoma hadithi. Haukuambiwa kwamba tumekufa.
Ngoma iliposema ti-ki-ti,
kidole gumba kikajibu.

"Kata!"

Mara ya pili, kisigino.
Mara ya tano wakaufunga kwa kamba ya mbuzi,
jeneza zima likaanza kutikisika.
Mara ya tisa mvua ikashuka kutoka Wanale,
bati likapiga kelele kuliko wajane,
jenereta ikakohoa, ikazima,
na gizani wapiga ngoma hawakunyamaza.
Nani ananiona? Nikatoa mguu nje hadi gotini
nikaumaliza wimbo nao.

Kumbe kamera ilikuwa na betri yake.
Kumbe radi nayo ni taa.

Ukumbi wa video, benchi za mbao, kiingilio shilingi elfu moja.
Msimulizi ameshika kipaza sauti, anaisemea picha maneno yake:
"Tazameni, jamani! Huyu anadaiwa, kaburi limemkataa!"
Watu wakacheka mpaka benchi la mbele likavunjika.
Anadaiwa! Mimi!
Uso wangu haukuonekana hata mara moja.
Sekunde nne, mguu tu, mweupe kwa radi,
lakini Khainza akanifinya paja.
Aliitambua soksi, pale kisiginoni
nilipoiziba kwa uzi wa kijani.

Sasa watoto wa shule wakipita dirishani huniita Marehemu,
nami huitika.

Leo asubuhi Kakaire amekuja na kitambaa cha njano, mita arobaini.
Sehemu ya pili, anasema.
Nikamuuliza habari za pesa.
Hakunitazama. Akainama chini ya meza,
kule kwenye pedali,
akauliza kwa heshima zote:
"Na mzee anasemaje?"